Mfuko wa Mto

Siku ya tatu ya mvua za milimani, mto ulinyamaza.

Bi Shazia ndiye aliyegundua kwanza, na aligundua kwa sababu alisikia uzi wake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile mlangoni mwa mashine ya unga, akishona midomo ya magunia, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusikia uzi wa katani ukipenya gunia. Mto ulipita hatua mia mbili chini ya mashine. Pale kivukoni palikuwa na mawe makubwa ambayo maji yaligombana nayo mchana kutwa na usiku kucha, na watu wa mji ule walikuwa wamezoea kuongea kwa sauti ya juu bila wenyewe kujua. Wakienda ugenini, wenyeji huwauliza wana ugomvi gani.

Asubuhi ile uzi ulisema shwaa. Akavuta tena: shwaa. Akasimamisha mkono hewani.

"Kreni," alimwita mpagazi aliyekuwa amejilaza juu ya rundo la pumba. "Unasikia nini?"

Mpagazi akainua kichwa. "Sisikii kitu, dada."

"Ndicho hicho."

Kreni akakaa kitako. Alikuwa mtu mwembamba kama ufito, na jina hilo alipewa kwa dhihaka siku yake ya kwanza kazini, kabla hawajamwona akinyanyua gunia la kilo mia kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyesinzia. Alitega sikio, akatazama chini mtoni, kisha akafumba mdomo uliokuwa umeshaanza kutafuta mzaha.

Mawe yalikuwa yamezama. Maji hayakuwa na cha kugombana nacho tena.

Shazia ni ile sindano nene ya kushonea magunia, ndefu kuliko kidole cha kati, ncha yake imepinda kidogo kama mdomo wa ndege. Bi Shazia aliichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa kila alipoinuka, na watu wakaona ni rahisi kumwita kwa kile walichokiona kwanza. Jina lake la kuzaliwa lilibaki sehemu mbili tu: kwenye kadi ya zahanati na kinywani mwa mama yake. Mume aliingia mitini mwaka wa pili wa ndoa. Binti yake pekee aliolewa mbali na hupiga simu mwisho wa wiki. Kwenye kidole chake cha shahada palikuwa na sugu ngumu kama waya, pale uzi unapokazwa. Gunia aliloshona yeye lilijulikana kwa masikio: kila pembe ya mdomo aliikunja na kuifunga fundo, ikabaki imesimama kama sikio la sungura, ili mpagazi apate pa kushika. Washonaji wengine waliziacha pembe zilale. Kreni alikuwa akisema gunia lisilo na masikio halisikii. Ukiliambia panda, linashuka.

Alimaliza gunia lililokuwa mikononi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha mdomo wazi, akateremka nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kabisa katika mtaa wa chini, imeegemeana na tuta la udongo lililojengwa zamani kuzuia mto. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mama yake. Kitanda kilisogezwa ukutani, na miguuni mwa kitanda kamba ilipita juu ya chuma ikaning'iniza matofali mawili. Ncha ya pili ya kamba ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa bibi kizee. Nyonga ilivunjika wiki tatu nyuma, alipoteleza kwenye povu la sabuni. Daktari alisema neno moja na kulirudia: wiki sita, asiinuliwe, asigeuzwe, matofali yasiguswe. Akiinuliwa kabla mfupa haujashika, asitegemee kusimama tena. Na kwa umri ule, asiyesimama hadumu.

"Umerudi mapema," mama alisema. "Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa, mama. Nimekuja kukuangalia."

"Basi niangalie. Nipo. Hata ningetaka kwenda dansi, haya matofali hayaniruhusu." Akatoa mkono chini ya shuka, akaubandika ukutani kama anayempima mtoto homa. "Huu ukuta unatoka jasho."

Bi Shazia akaushika. Upande wa tuta ulikuwa wa baridi na unyevu, na chini, karibu na sakafu, rangi ilikuwa imetoa malengelenge. Mstari wa sisimizi ulikuwa ukipanda kuelekea darini. Walibeba mayai yao meupe bila haraka, na hakuna aliyegeuka.

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Na hapa hainyeshi, mwanangu, hata tone. Mimi siogopi mvua ninayoiona."

Kwamba milimani kunanyesha, kila mtu alijua. Siku mbili kabla, mto ulikuwa umeingia mji wa juu, mwendo wa nusu siku kutoka pale, na walionusurika walikuwa wakilala kwenye sakafu za madarasa. Kamati ya mtaa ilikutana, ikakubaliana kuwachangia, na Katibu akaupa mchango jina: Mfuko wa Mto. Alikuwa mtu wa barua. Alisomea barua za kiofisi, na tangu hapo neno pesa aliliona la sokoni. Katika tangazo aliloliandika kwa mwandiko wake mzuri hakuliweka hata mara moja.

Tangazo alipewa Redio, mzee mwenye kipaza sauti cha betri na koo lililoharibika kwa kazi hiyo hiyo. Alipita dirishani Bi Shazia angali ameshika ukuta.

"Ndugu wananchi! Kila nyumba... ichangie... mfuko wa mto! Kidogo ulicho nacho... kinatosha! Wenzetu wanalala chini! Kila nyumba, mfuko wa mto! Ofisi ya mtaa, kabla ya saa sita!"

Mama alisikiliza mpaka sauti ikakata kona. Kisha akainua kichwa kidogo, akashika mto aliokuwa ameulalia, akauvua foronya kama anayemenya ndizi.

"Peleka," alisema.

"Mama, unayo hii moja tu."

"Wenzangu wanalala chini. Mimi niko kitandani."

Nimezunguka na lugha kadhaa, na sijui nyingine ambamo maji yanayobeba nyumba na pamba inayobeba kichwa vinaitwa kwa neno moja. Wala ambamo akiba ya watu wengi na kitambaa cha foronya vyote viwili ni mfuko. Kosa la asubuhi ile lilihitaji Kiswahili na betri dhaifu. Tena halikuwa kosa la kijinga. Watu wa mji wa juu walilala chini. Anayelala chini anahitaji mto. Pamba au majani atajitafutia, lakini mfuko wa kuvitilia atautoa wapi? Kila nyumba iliona ombi lina akili. Mtu angeombwa blanketi, angesema hana. Foronya moja, nani asiye nayo?

Ile ya mama zamani ilikuwa nyeupe. Katikati ilitariziwa kwa uzi mwekundu: LALA SALMA. Bi Shazia aliitarizi akiwa na miaka kumi, ndiyo kazi ya kwanza aliyowahi kushona, na herufi moja ilimponyoka. Kwa miaka arobaini na mbili kila mgeni aliuliza Salma ni nani.

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kiti, na sanduku la bati lililotobolewa mfuniko. Katibu alikuwa amevaa tai. Mbele yake palikuwa na foleni iliyotoka mlangoni ikafuata mtaro, na kila aliyekuwa kwenye foleni alibana kitambaa kilichokunjwa kwapani.

"Shangazi," Katibu alikuwa akimwambia mama muuza mkaa, akijitahidi kutabasamu, "hii ni nini?"

"Mfuko wa mto."

"Naona. Lakini Mfuko wa Mto ni mchango."

"Na mimi ndiyo nachangia."

"Mchango wa hali, Shangazi. Wa... wa uwezo."

"Uwezo wangu ndio huo. Unataka na mto wenyewe?"

Watu wakacheka. Katibu alifungua sanduku, akalifunga. "Pesa!" alisema hatimaye, uso umemwiva kama aliyetukana mbele ya watoto. "Mfuko maana yake pesa! Nani aliwaambia foronya?"

Macho yote yakamgeukia Redio, aliyekuwa amekaa kizingitini akisugua betri zake kwenye suruali. "Mimi nasoma kilichoandikwa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Pesa hukuandika. Lete karatasi tuisome hapa, kila mtu asikie."

Meza ilikuwa imejaa. Foronya zilifurika kitini, zikapanda dirishani: za maua, za mistari, za arusi zenye njiwa wawili, moja imeandikwa Usiku Mwema, nyingine Nani Kama Mama. Mtu alizihesabu, akafika mia nne na thelathini, akaacha.

Bi Shazia hakucheka. Alikuwa mwisho wa foleni, kando ya mtaro, na katika mtaro aliona jani. Mtaro ule hupeleka maji mtoni. Jani lilikuwa likitoka mtoni. Lilipita karibu na kiatu chake, likapanda polepole hadi kizingiti cha ofisi, likageuka kidogo kama mgeni anayetafuta nyumba aliyoelekezwa, likaendelea kupanda.

Aliacha foleni, akapenya hadi mezani.

"Katibu, tuta limeliwa pale kwa wafua nguo."

Kila mtu alipajua. Kwa miaka mingi waliteremka kufua mahali pale pale, na miguu yao ilikuwa imechimba tuta mpaka likabonyea, upana wa hatua kumi, kina cha kupita magoti. Nyuma ya bonde lile ndipo ulipokuwa mtaa wa chini, na nyumba ya kwanza kupokea maji ingekuwa ile yenye matofali mawili yanayoning'inia.

"Nimeliandikia barua," Katibu alijibu.

"Maji yanapanda kwa mtaro. Hayatangoja jibu."

"Simu hazishiki tangu jana. Bila idhini mimi siwezi..."

"Kaka yangu." Alisema kwa upole, lakini alikuwa ameshaichomoa shazia kichwani. "Ulitaka kila nyumba itoe kidogo ilicho nacho. Imetoa. Hicho hapo mezani. Mchanga wa darasa jipya uko pale shuleni, umeshaota majani. Mimi nina sindano na katani. Idhini unataka ya nini?"

"Si kuna magunia kule kwenye mashine?" mtu aliuliza.

"Yaliondoka juzi na lori, na lile la mwisho dada amelishona asubuhi," alisema Kreni, aliyekuwa amemfuata. "Na barabara imekatika. Zimebaki pumba tu, labda tuzishone zenyewe."

"Na wenzetu wa mji wa juu je?" Katibu aliuliza.

Swali lilikuwa la haki, na watu walimgeukia Bi Shazia.

"Tukiamka kesho tutawachangia," Bi Shazia alisema. "Tusipoamka, hata hilo sanduku lako litaelea."

Katibu alitazama nje. Jani la pili lilikuwa limefika kizingitini, na nyuma yake mende wanne wakiogelea. Alilegeza tai.

Kujaza mfuko ni kazi yenye adabu yake. Asiyejua hujaza hadi mdomoni, mfuko ukawa duara kama boga, ukiupanga unabingirika. Bi Shazia aliwaonyesha mara moja tu: mchanga theluthi mbili, mdomo ukunjwe mara mbili, mishono sita mirefu, fundo, sikio, fundo, sikio. Mfuko uliojazwa hivyo ukilazwa chini unajitandaza na kujibana na jirani yake. Waliojua sindano walikaa naye kwenye mchanga wakamwiga. Kreni alikuwa juu ya tuta, akipanga kama anavyopanga mzigo ndani ya lori, kila mfuko ukikalia maungio ya miwili iliyo chini, kisha akiukanyaga kwa miguu mitupu. Mstari wa watu ulianzia shuleni ukafika mtoni, na foronya zikapita mikononi zikishikwa masikio.

Mtaa wa juu, ule wa mwinukoni hapo hapo mjini, nao ulishuka. Wao maji yasingewafikia, lakini foronya zao zilikuwa pale, na ni vigumu mtu kutulia nyumbani wakati foronya yake iko kazini. Kila mmoja aliifuata yake kwa macho.

"Ile ya njiwa ni yetu! Kreni, taratibu, hiyo ya arusi!"

"Arusi imekwisha, shemeji," Kreni alijibu akiikanyaga. "Sasa ndiyo ndoa."

"Na hii ya waridi, yenye lesi pembeni? Ya nani hii?"

Katibu alikuwa amekunja suruali hadi magotini, tai ameitupa begani. Aliegemea koleo. "Mke wangu naye alimsikia Redio," alisema.

"Kumbe Katibu analalia waridi!"

"Ndiyo maana barua zake zinanukia!"

Walicheka sana, na kicheko kilipoisha kila mtu alisikia jinsi kulivyo kimya. Mto ulipita mbele yao ukiwa mpana kuliko walivyowahi kuuona, rangi yake ya udongo wa mahali pengine, umevimba katikati kuliko pembeni, na hautoi sauti. Hata mbwa wa mtaa walikuwa wameondoka, na hakuna aliyeweza kusema waliondoka saa ngapi.

Safu ya kwanza ililowa saa saba. Saa nane na nusu maji yalikuwa kwenye safu ya pili. Kreni alichukua kipande cha mkaa akachora mstari kwenye nguzo ya kuanikia nguo, usawa wa juu wa safu ya nne. Safu zote zingekuwa tano.

"Maji yakigusa huu mstari, mimi simuulizi mtu," alimwambia Bi Shazia. "Nakwenda kumbeba mama."

"Ukimbeba, mguu umekwenda."

"Nisipombeba, atakwenda mzima mzima."

Bi Shazia alichukua foronya nyingine. Jambo lenyewe lilikuwa hilo, na alikuwa akiligeuza kichwani tangu asubuhi kila alipokaza fundo.

Vitu vilianza kupita. Ulipita mlango, bado una komeo lake. Likapita dawati la shule. Likapita paa la banda na kuku watatu juu yake, wamekaa kama abiria. Kisha kitu cheupe kikaja polepole katikati ya maji, kimevimba, pembe zake nne zimesimama, na mtu mmoja kwenye mstari akasema bila kufikiri, "Mto juu ya mto."

Siku nyingine wangevunjika mbavu. Mto ule wa kulalia ulikuwa bado umevaa foronya yake, na katikati umebonyea, kana kwamba kichwa kimeinuka sasa hivi. Waliufuata kwa macho mpaka ukapotea, wakarudi kazini, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza ipi ni ya nani.

Saa kumi foronya ziliisha. Lilibaki pengo moja kwenye safu ya juu, upana wa mfuko mmoja, na miguuni mwa Bi Shazia ilibaki foronya moja. Tangu mwanzo, kila ilipofika zamu yake, aliishusha chini ya nyingine. Aliijua nguo ile. Imefuliwa miaka arobaini na mbili. Ukiishika kwenye mwanga unaviona vidole vyako upande wa pili.

"Lete hiyo," Kreni alisema kutoka juu.

"Imechoka."

"Nani hajachoka? Lete, dada. Maji yamezidi unga."

Aliijaza. Aliishona mara mbili, mishono ya karibu karibu kama ya shati la mtoto, akapanda akaiweka pengoni mwenyewe, maandishi yakitazama mto.

"Salma ni nani?" Katibu aliuliza akihema.

"Ni herufi iliyopotea," alisema.

Saa kumi na moja maji yaligusa mkaa.

Kreni alikuwa ameshateremka, na wanaume watatu nyuma yake. Bi Shazia alimshika mkono. "Nenda. Wekeni mikono chini ya godoro, kila mtu pembe yake, na mmoja wa miguuni awe tayari kuyashika matofali. Lakini msiinue. Mkisikia nimepiga kelele, ndipo muinue."

"Na usipopiga?"

"Msiinue."

Chumbani, bibi kizee aliwatazama wanaume wanne waliopiga magoti kuzunguka kitanda chake. "Mmekuja kuninyanyua au kuniposa?"

"Tunasubiri, bibi," Kreni alisema.

"Mnasubiri nini?"

"Binti yako apige kelele."

Mama akageuza uso kuelekea ukuta. Jasho la ukuta sasa lilikuwa likitiririka, na chini lilikuwa limeanza kuchora njia sakafuni. "Basi mtasubiri sana," alisema. "Huyo hata kuzaliwa alizaliwa kimya."

Juu ya tuta, Bi Shazia alikuwa amelala kifudifudi kwenye safu ya tano, kidevu juu ya mifuko. Maji yalikuwa chini ya uso wake kiasi cha kiganja. Hayakuja kwa mawimbi. Yalipanda kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, bila kutikisika, na kadiri yalivyopanda mifuko ilijikaza moja baada ya nyingine, na katani ikalia. Mishono yake ilikuwa mamia pale, na masikio yote yalikuwa yamesimama.

Ndipo alipoiona. Kwanza ilikuwa mstari mwembamba wa mchanga, kama unaotoka kwenye gunia lililotobolewa na kulabu. Ulitoka kwenye ile L ya kwanza. Kisha ukatoka kwenye A. Mishono ya mdomoni ilikuwa imeshika. Kilichokuwa kinapasuka ni kitambaa, na kilikuwa kinafuata matundu ya sindano, yale aliyoyatoboa akiwa na miaka kumi. Salamu yake ya kwanza ilikuwa ikifunguka herufi kwa herufi, na mfuko ulikuwa ukipungua. Jirani zake kulia na kushoto walianza kuinamia pengo.

Alifungua mdomo kupiga kelele.

Kelele moja, na wanaume wanne wangeinua. Mama angelia mara moja, na tangu siku hiyo angekuwa mtu wa kulala mpaka siku ya kuondoka. Kama angenyamaza na kitambaa kikapasuka hadi mwisho, wasingekuwa na muda hata wa kufika mlangoni. Alikaa hivyo, mdomo wazi, labda kwa muda wa pumzi tatu. Kisha akauma katani kwa meno.

"Katibu," alinong'ona kupitia meno, chumbani wasije wakasikia. "Nishike miguu."

"Nikushike vipi?"

"Kama mwizi."

Katibu alimkalia visigino. Bi Shazia alijitupa mbele hadi kiunoni, mkono wote ukaingia mtoni, na akaanza kushona asichokiona. Hakushona foronya peke yake, maana haikuwa na mahali pazima pa kushika. Alichomeka shazia kwenye mfuko wa kulia, ule wa njiwa, akapita juu ya mpasuko, akatokea kwenye mfuko wa kushoto, wa waridi na lesi, akakaza, akarudi. Mara ya pili. Mara ya tatu. Maji yalimfika shingoni. Mara ya nne sindano ilimwingia kiganjani, akaichomoa akaendelea, kwa kuwa uzi haukuwa umefika mwisho. Mara ya saba alifunga fundo kwa vidole ambavyo havikuhisi tena, akabaki pale, shavu limebanwa na mchanga, akingoja kusikia chochote.

Hakusikia kitu. Maji yalifika pindo la juu la foronya zile, yakakaa hapo. Hayakushuka. Hayakupanda. Watu wote wa mji ule walisimama nyuma ya foronya zao bila kuketi, na giza likaingia wakiwa hivyo.

Kulipokucha maji yalikuwa yameshuka chini ya mkaa vidole viwili. Chumbani, wanaume wanne walikuwa wamesinzia wamepiga magoti, mikono bado chini ya godoro. Matofali yalikuwa yananing'inia mahali pake.

Ofisini, Katibu alilikuta sanduku la bati zito. Hakuna aliyemwona mtu akitia kitu. Walikuwa wakipita na makoleo kwenda na kurudi, na mtu aliyekuwa na sarafu aliidondosha, aliyekuwa na noti aliikunja ndogo kama kidonge akaisukuma ndani. Alizimimina zote kwenye bahasha kubwa. Juu aliandika Mji wa Juu, na chini yake, baada ya kufikiri kidogo, akaandika neno pesa. Kisha akaandika tangazo jipya, na Redio akaondoka nalo akiwa na betri za kuazima.

"Kila nyumba! Foronya nyingine! Foronya, nasema, za kulalia! Wala msiniulize mara mbili!"

Kwa maana milimani kulikuwa kweusi kuliko jana.

Bi Shazia aliingia kwa mama yake akiwa bado ana tope hadi kwenye nyusi, kiganja amekifunga kitambaa. Bibi kizee alikuwa amelaza kichwa kwenye mto usio na nguo, na vipande vya pamba vilikuwa vimemnasa kwenye nywele.

"Huu mto unawasha," alisema. "Kama mmemaliza, nirudishie foronya yangu."

Bi Shazia alibandika mkono mzima ukutani. Ukuta ulikuwa bado unatoka jasho. Sisimizi walikuwa wamekusanyika darini, weusi kama doa la moshi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anashuka. Alitega sikio kuelekea kivukoni, ayatafute mawe. Alichosikia ni kamba ya matofali tu, ikikwaruza kidogo juu ya chuma kila mama alipovuta pumzi.

"Bado, mama," alisema, akichukua katani mpya kwenye msumari wa mlangoni. "Salma yuko kazini."